Watani, Wakwe na Wageni: Miaka ya Mwalimu Mhehe Songea

Mhehe akifiwa Songea hawezi kulia peke yake, hata akitaka. Wangoni, watani wake, watamvamia. Watafika kabla turubai halijafungwa, watakaa njiani kuzuia jeneza, watadai pesa, watamsema marehemu kwa ubahili wake na kwa mbwa ambao, kwa madai yao, aliwamaliza mtaa mzima. Mgeni anayeshuhudia kwa mara ya kwanza atadhani watu wamerukwa na akili. Mwenyeji ataendelea kumenya viazi, maana kwake shughuli inakwenda inavyopaswa.

Mwalimu mmoja mstaafu, Mhehe wa Kalenga, aliyapata hayo kwenye msiba wa mama yake mzazi. Alipangiwa kazi Songea mwaka 1979, enzi ambazo barabara ya Makambako ilikuwa bado vumbi kiangazi na tope masika, na lori likishindwa mlima wa Lukumburu abiria walilala hapohapo. Alikuja kufundisha shule ya msingi, akaoa, akajenga Bombambili, akastaafu, na Iringa akabaki kwenda kusalimia tu. Mama alipozeeka akamfuata mwanawe, na Songea ndiko alikofia.

Asubuhi ya maziko, kijana wa Kingoni aliyekuwa ameongoza uchimbaji wa kaburi tangu alfajiri aliingia humo, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani. “Hili limenitosha mimi,” akasema. “Tafuteni lingine.” Hakutoka mpaka alipopewa pesa. Alipopewa akazihesabu kwa sauti, akatangaza kwamba wajukuu wa Mkwawa hawajaacha uchoyo, akalala tena. Huko nyumbani nako bibi mmoja jirani alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, ameshika fimbo yake, anazunguka uani akikagua masufuria na kufoka kwa sauti ileile ya marehemu: chumvi imezidi, kuni zinaungua bure, nani kaacha mlango wazi kuku wakaingia? Wajukuu waliokesha wakilia walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu naye alicheka, machozi yakimtoka.

Baadaye, watu walipotawanyika, ndipo alipoanza kupiga hesabu. Waliochimba kaburi walikuwa Wangoni. Waliochota maji, waliopasua kuni, waliolala na wafiwa kwenye mikeka hadi matanga yalipoanuliwa, wengi wao walikuwa Wangoni. Pesa walizonyang'anya njiani zilirudi jioni zikiwa gunia la unga na dagaa wa Nyasa. Yule bibi aliyeigiza ndiye aliyeosha mwili. Hakuna ndugu wa damu aliyefanya zaidi ya hapo, kwa kuwa ndugu wa damu wengi walikuwa Iringa na walifika wakati wa kuzika.

Watu hao ni wajukuu wa majeshi yaliyouana.

Wangoni waliingia kusini mwa Tanzania ya leo wakitokea mbali. Kundi kubwa lililoongozwa na Zwangendaba lilikimbia vita vya Wazulu na jirani zao huko Afrika Kusini, likavuka Zambezi mwezi Novemba mwaka 1835, likapanda hadi Ufipa. Zwangendaba alipofariki katika miaka ya 1840 kundi likagawanyika. Waliofika Songea wakasimamisha tawala mbili, Njelu chini ya ukoo wa Gama na Mshope chini ya ukoo wa Tawete. Vijana wao walipangwa katika vikosi, wakapiga jirani kila upande, wakachukua mateka na kuwafanya askari, wake na watoto. Kaskazini, katika miaka hiyohiyo, Munyigumba alikuwa akiwaunganisha Wahehe, na mwanawe Mkwawa akaendeleza kazi hiyo. Nguvu mbili za namna hiyo zisingeweza kukaa bega kwa bega bila kugongana. Zilipigana kati ya mwaka 1878 na 1882, watu wakafa kwa wingi, na mwisho wake hakupatikana aliyeweza kumtawala mwenzake. Wakapatana.

Utani kati ya makabila hayo unaelezwa na wazee wa pande zote mbili kuwa ulizaliwa hapo. R. E. Moreau, aliyeandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944, alikuta maelezo ya aina hiyo sehemu nyingi za nchi: waliotaniana ni wale ambao babu zao waliwahi kushikiana silaha. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya maelezo ya utani kutoka makabila mengi, yakajaza majuzuu kadhaa. Wasomi wamebishana sana juu ya chanzo chake. Kwa Mwalimu ubishi huo haukuwa na uzito. Yeye aliuona utani kama mkataba wenye vifungu viwili. Kifungu cha kwanza kinampa mtani ruhusa ya kusema lolote. Cha pili kinamtoza kazi: kuzika, kusuluhisha, kumlisha mtani aliyekwama safarini. Anayetumia cha kwanza akakwepa cha pili si mtani, ni mtukanaji.

Somo hilo alilipata mapema, katika mwezi wake wa kwanza kazini. Mshahara ulikuwa haujafika, na fundi cherehani mmoja wa Mfaranyaki alikuwa akimwita “mla mbwa” kila alipopita. Siku moja fundi akamsimamisha, akamwambia ana taarifa kwamba Mhehe analala na njaa na kwamba mbwa wake mwenyewe ameanza kuogopa. Kisha akamkabidhi debe la mahindi. Hakutaka kulipwa. Alichotaka ni kwamba mwalimu huyo, atakapopokea mshahara, apite tena mbele ya banda ili atukanwe vizuri akiwa ameshiba.

Mabishano yao ya kudumu yalikuwa ya historia. Wangoni waliingia katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, vita vilivyoanzia Umatumbi na kuunganisha makabila yasiyopungua ishirini dhidi ya Wajerumani. Wahehe hawakujiunga. Kila mwezi Februari, Songea inapoadhimisha kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, fundi alimuuliza Mwalimu mbele ya watu: “Siku ile ninyi mlikuwa wapi?” Na Mwalimu alijibu jibu lilelile: “Sisi tulikuwa tumeshamaliza zamu yetu. Lugalo tuliwamaliza mwaka 1891, ninyi mkiwa mnaiba ng'ombe za watu.” Banda zima lilicheka. Katika maneno hayo machache mlikuwa na mambo ambayo kwingineko yangezaa kesi: tuhuma ya usaliti, tuhuma ya wizi, majigambo ya ushujaa. Yalisemwa hadharani, kwa sauti, mwaka hadi mwaka, na hayakupata nafasi ya kuoza moyoni.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo hata mtani alinyamaza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea mashujaa zaidi ya 60, wakazikwa katika kaburi la pamoja kwenye eneo la Mahenge, ambapo leo kuna Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Nkosi (mtawala) Mputa Gama wa Njelu. Mkomanile, mwanamke aliyeshika uongozi katika vita hivyo, naye anakumbukwa hapo. Nduna (mkuu aliye chini ya Nkosi) Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa baada ya wenzake na kuzikwa peke yake. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwalimu anatoka Kalenga, na kichwa cha Mkwawa kilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Angeweza kutamba kwamba cha kwao kimerudi. Hakuwahi. Kila alipopeleka wanafunzi Mahenge alivua kofia langoni, akasimama nyuma, akawaacha watoto wa Kingoni watangulie.

Mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika mahali hapo, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta mabaki ya Songea Mbano. Mwalimu alikuwamo katika kundi la wazee waliojipanga kando ya barabara. Fundi cherehani, mvi tupu sasa, alimnong'oneza kwamba leo hakuna utani. Wakakaa kimya hadi msafara ulipopita.

Kwa hiyo utani una mpaka wake, na wenyewe wanaujua. Una sharti lake pia, ambalo Mwalimu alichelewa kuling'amua kwa sababu alilikuta limetimia. Wahehe na Wangoni walitoka sare. Kila mmoja anaweza kumcheka mwenzake kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtawala mwenzake. Kwa jirani wengine wa Wangoni mambo hayakwenda hivyo, na amani ilibidi itafutiwe njia nyingine.

Njia ya pili aliikuta ukweni. Mkewe ni Mmatengo wa milima ya Mbinga, na alipopeleka posa alimchagua rafiki yake Mngoni awe mshenga, kwa kuwa alikuwa msemaji mzuri. Baba mkwe alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, akamkaribisha togwa, kisha akamgeukia mwenyekiti wa kikao. “Huyu ameanza vizuri,” alisema. “Amebisha hodi. Babu zake walipokuja hapa hawakubisha.” Kikao kikaangua kicheko. Mshenga akainama kwa heshima, akatoa fungu la kwanza, na mahari yakaanza kujadiliwa.

Kicheko kile kilibeba historia nzima. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipokuwa wakivamia, Wamatengo walirudi nyuma na kupanda milimani, wakajificha hata mapangoni. Ardhi ikawa finyu na yenye mteremko mkali, na ilibidi watu wengi walishwe kwenye eneo dogo. Inaaminika kwamba hali hiyo ndiyo iliyowakomaza katika kilimo cha ngolo. Majani hufyekwa na kupangwa katika miraba juu ya mteremko, kazi ya wanaume. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani, likabaki shimo lililozungukwa na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata msimu unaokuja. Mvua ikinyesha maji hutulia shimoni, udongo haukimbii bondeni, majani yanaoza na kuwa mbolea. Mwalimu alijaribu kazi hiyo wakati mmoja akiwa na shemeji zake, mkono ukamtoka malengelenge kabla ya saa nne, na mama mkwe akamwamuru arudi nyumbani akasahihishe madaftari. Kuanzia mwanzo wa bonde hadi kileleni, mlima wote ulikuwa umechimbwa hivyo, shimo kwa shimo. Watafiti walipanda ndege kutoka Japani kuja kukisoma kilimo hicho.

Wamatengo na Wangoni hawakuja kuelewana kwa kusahau. Walielewana kwa kufanya biashara moja. Mwaka 1936 kilianzishwa Songea chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, NGOMAT, na katika kifupisho hicho yamo majina yao wote wawili, Wangoni na Wamatengo. Tumbaku ya mwana wa aliyevamia na ya mwana wa aliyekimbilia mlimani zilipimwa mzani mmoja, zikauzwa kwa mnunuzi mmoja, na mzani ukiibiwa wote wawili walipunjwa. Kwa baba mkwe wa Mwalimu hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa akisema kwamba alijifunza kumwamini Mngoni siku alipomwona akigombana na karani kwa ajili ya kilo zilizopunguzwa kwenye mzigo wa Mmatengo. Baadaye Mbinga ikaegemea kahawa na kuwa na ushirika wake. Vyama vikuu vilivunjwa nchi nzima mwaka 1976, vikarudi kwa sheria ya mwaka 1982. Leo wakulima wa Songea na Namtumbo wana SONAMCU, na mazao kama ufuta, soya na mbaazi yanapita katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Wakulima wanaulalamikia mfumo huo kwa malipo kuchelewa, lakini wanaulalamikia pamoja, kwenye foleni moja, bila kuulizana kabila.

Njia ya tatu ndiyo isiyopendeza kusimulia, na kwa hiyo husimuliwa mara chache.

Mashariki mwa Songea, upande wa Namtumbo, wanaishi Wandendeule. Hao walishindwa. Wengi walitiwa chini ya Wangoni, vijana wao wakaingizwa vikosini, na mtoto wa mateka akakua akijiita Mngoni. Ndiyo maana Mngoni wa leo ukimchimba kwa bibi zake utakuta Mndendeule, Mpangwa, Myao au Mmatengo, na Kingoni kinachosemwa Songea kinafanana zaidi na lugha za jirani hao kuliko na Kizulu. Wapo wanaouita mchanganyiko huo umoja, na si uongo. Ila Waingereza walipoweka utawala wa machifu kuanzia miaka ya 1920, wakawatambua wakuu wa Kingoni kuwa watawala wa eneo hilo, Wandendeule walijikuta wameshindwa mara ya pili, safari hii kwa karatasi. Wakati mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alipofanya utafiti kwao mwaka 1952 na 1953, walikuwa wakidai watambuliwe kama watu wenye utawala wao.

Mwalimu alifundisha kwa muda upande huo. Jioni moja katika ofisi ya walimu, mwenzao mmoja aliyetoka Kaskazini alimuuliza mwalimu Mndendeule kwa nini Wangoni wa huku wengi ni Waislamu na wale wa Peramiho ni Wakatoliki. Aliulizwa bila nia mbaya. Yule mwalimu aliweka kalamu mezani. “Mngoni alikuwa bwana wa babu yangu,” alisema. “Mimi ni Mndendeule.” Hakuna aliyecheka, na Mwalimu, ambaye siku zote alikuwa na neno la utani, hakulipata. Palihitajika kitu kingine kabisa: jina kutamkwa lilivyo.

Tanzania huru ilijibu suala hilo kwa namna yake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, kwa hiyo hakubaki Mngoni wa kumtawala Mndendeule kwa cheo cha ukoo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuandika kabila la mtu. Watoto wakachanganywa katika shule za bweni na kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, Mlale ikiwamo. Benjamin Mkapa, Mmakua wa Lupaso, alisoma seminari ya Kigonsera miongoni mwa Wamatengo na Wangoni miaka mingi kabla ya kuwa Rais. Na mwaka 2002 Namtumbo ikawa wilaya, yenye makao yake na halmashauri yake. Mwalimu anaamini hilo la mwisho lilituliza zaidi ya hotuba nyingi za umoja. Mtu aliyepewa meza yake haoni haya kukaa na jirani meza moja.

Kwa hesabu ya Mwalimu, basi, Songea haikupata amani kwa dawa moja. Waliotoka sare walipewa utani. Aliyekimbia akaja kukutana na aliyemkimbiza kwenye mzani wa ushirika na kwenye mahari. Aliyeshindwa alihitaji kurudishiwa jina na mamlaka kwanza. Kicheko kingekuja baadaye, kama kingekuja. Anayemlazimisha aliyeshindwa acheke anaendeleza vita.

Hilo linafaa kukumbukwa sasa ambapo utani unasifiwa kila mahali. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza utani wa makabila ya Niger katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika, na Mali wanao wao wanaouita sanankuya. Hapa nyumbani neno limehamia hata mpirani. Simba na Yanga ni watani wa jadi. Lakini mijini kile kifungu cha pili, cha kazi, kinafifia. Kijana anajua kumwita Mhehe mla mbwa kwenye simu, na siku Mhehe huyo akifiwa anatuma rambirambi kwa simu hiyohiyo. Kaburi linachimbwa na vibarua. Kwenye misiba mikubwa ya Songea mjini siku hizi kuna mshereheshaji mwenye ratiba, na bibi wa Kingoni akisimama mbele ya jeneza anaombwa apishe kwa sababu muda umekwenda. Ruhusa ya kusema imebaki, deni limetoweka. Matusi yasiyo na deni nyuma yake ni ukabila wa kawaida, hata yakipambwa kwa jina la utani, na wanasiasa wanaokuja kuomba kura wameshaligundua hilo.

Na kuna majirani wapya ambao hakuna babu aliyepigana nao wala kupatana nao.

Songea imezoea wageni. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu, na Muhukuru ikawa makazi yao. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki na kuoa, na leo huwezi kuwatofautisha. Wakinga walikuja na maduka, Wabena na mbao. Ila baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekea kusini, na mifugo ikaingia Tunduru na Namtumbo, nchi ya jembe la mkono isiyokuwa na mazoea ya makundi makubwa ya ng'ombe. Hapo pakaanza mashamba kuliwa, fimbo, mapanga, kesi.

Mwalimu alionja. Baada ya kustaafu alilima mahindi katika kijiji kimoja cha Namtumbo, na usiku mmoja ng'ombe za kijana mmoja wa Kisukuma zilipita shambani. Baraza la ardhi la kijiji likakaa, hasara ikakadiriwa, kijana akalipa kidogo kidogo. Kesi ikaisha kisheria, lakini hawakuwa wakisalimiana. Miezi baadaye mtoto wa kijana huyo alifariki. Hakuna aliyepiga mbiu kijijini. Waliokwenda kuzika walikuwa wafugaji wenzake, wachache, waliotoka mbali kwa baiskeli na pikipiki.

Mwalimu alisikia akiwa kisimani. Alichukua jembe, akamfuata mzee mmoja wa Kingoni na mwenyekiti wa kitongoji, wakaenda. Walikuta kaburi limefika kiunoni, na kijana anachimba mwenyewe, baba wa marehemu, jambo ambalo kwa mila za huku ni aibu ya majirani wala si yake. Mzee wa Kingoni akamshika mkono, akamtoa shimoni, akaingia yeye. Akachimba kidogo, akapumzika, akamtazama Mwalimu. “Mhehe,” alisema, “ingia na wewe, au unasubiri mbwa wapite?” Kijana wa Kisukuma akashtuka. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatabasamu. Wasukuma nao wana watani wao. Njia za misafara ya zamani ziliwapa Wazaramo na watu wengine wa pwani. Alichokosa Namtumbo ni mtani wa hapohapo.

Wafugaji na wakulima wa kijiji hicho hawajamaliza ugomvi. Njia ya mifugo haijapimwa, bwawa la kunyweshea halijachimbwa, na kila masika mahindi mengine yanaliwa. Vicheko haviwezi kupima mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na mpango wa matumizi ya ardhi unaweza kutenga malisho na mashamba. Hayo ni ya serikali na halmashauri, na yafanyike. Kinachobaki mikononi mwa wanakijiji ni kuamua kama mfugaji ni mkazi anayeitwa msibani au mtu anayepita na ng'ombe.

Mwalimu amekuwa akilisema hilo kwa viongozi wa vijiji vya Namtumbo anaofahamiana nao, na anaomba lisikike Songea yote. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Katika ule unaokuja, kabla ya kusoma mapato na matumizi, mwenyekiti aulize ni kaya ngapi za wafugaji zimo kijijini na ni ngapi zimealikwa. Wasioalikwa waitwe. Waandikwe kwenye daftari la wakazi, wapewe mjumbe wa kuwasemea kwenye kamati ya ardhi, na wapangiwe zamu ya kuchimba makaburi sawa na kaya nyingine zote.